Mtu Alaye kwa Mchezo

Liko swali ambalo sisi walimu twaulizwa mara nyingi na wazazi wa Shinyanga na Geita, wala si swali jepesi. Wauliza hivi: Je, mtu mzima, mwenye akili zake na nguvu zake, aweza kuufanya mchezo kuwa kazi, akala kwa mchezo, akajenga nyumba kwa mchezo, na bado akahesabiwa katika watu waaminifu? Mkulima twamjua, mhunzi twamjua, mchunga ng'ombe twamjua. Kila mmoja wao aweza kukuonyesha kwa kidole kitu alichokitolea jasho. Lakini huyu achezaye ametoa nini? Akiacha kucheza leo, ni gunia gani la mtama litakalopungua ghalani?

Tumeona vema kulijibu swali hili kwa kuutazama mchezo mmoja tu, yaani gofu, wala si kandanda ambayo kila mtoto aijua. Sababu yetu ni hii: katika kandanda yuko mwamuzi mwenye filimbi, naye ndiye aonaye makosa na kuyaadhibu. Katika gofu mchezaji mwenyewe ndiye shahidi wa kwanza wa kosa lake, na mara nyingi ndiye shahidi pekee. Basi mtu akiufanya mchezo wa namna hii kuwa chakula chake, hapo swali la wazazi lapata uzito wake wote.

Kwa ajili ya wale wasioujua mchezo wenyewe, tuseme machache. Uwanja wake ni shamba kubwa la majani mafupi, lenye miti, mashimo ya mchanga na mara nyingine mabwawa ya maji. Na humo mna vishimo 18, kimoja mbali na kingine. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, ambao mtoto aweza kuuficha kiganjani, na fimbo zisizozidi 14. Aupiga mpira tangu mahali pa kuanzia mpaka uingie katika kishimo cha kwanza, kisha cha pili, hata vyote viishe. Kila pigo lahesabiwa, nao wachezaji huliita mkwaju. Na ashindaye ni yule aliyepiga mikwaju michache kuliko wenzake. Mashindano makubwa huchukua siku 4, na mwisho wake mtu amepita vishimo 72.

Mchezo huu uliletwa Afrika Mashariki na Wazungu. Nairobi walikuwa na klabu yao tangu mwaka 1906. Hata huku kwetu ulifika: katika mji wa mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao Daktari John Williamson wa Kanada aliuanzisha baada ya kupata almasi pale mwaka 1940, palikuwa na uwanja wa gofu. Wazee wetu waliotazama kwa mbali hawakuuelewa. Walisema: mtu huyu, kama aupenda mpira wake, mbona aupiga uende mbali? Na kama hautaki, mbona aufuata? Twacheka, lakini ndani ya kicheko hicho limo lile swali la wazazi. Mchezo, kwa fikira za wazee, ni jambo la mtu ambaye shamba lake limekwisha kupaliliwa.

Yafaa tujue ya kuwa wachezaji wa gofu ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mchezaji wa ridhaa: huyu ana kazi yake nyingine, labda ni daktari au mfanyabiashara au askari, naye hucheza kwa kujifurahisha na kwa heshima. Wa pili ni mchezaji wa kulipwa, ambaye hana kazi nyingine, au kama anayo ni ile ya kuwafundisha wengine mchezo huo huo. Wa ridhaa hupewa hisani: akiwa dhaifu, sheria humpunguzia hesabu kwa kadiri ya udhaifu wake, ili aweze kushindana na mwenye nguvu. (Nao wako wajanja wajifanyao dhaifu kuliko walivyo, wapate hisani kubwa, lakini habari zao si za leo.) Wa kulipwa hapewi hisani yo yote. Hesabu yake ni hesabu yake.

Nayo riziki yake huja kwa njia ngumu. Katika mashindano makubwa huanza watu mia na zaidi. Baada ya siku ya pili hesabu hutazamwa, na karibu nusu yao au zaidi huondolewa. Aliyeondolewa kwa kawaida hapati kitu. Nauli yake, malazi yake, ujira wa kijana aliyembebea mkoba wa fimbo, vyote ni juu yake mwenyewe. Naye arudi nyumbani mikono mitupu, baada ya siku mbili za kazi na miaka mingi ya kujizoeza. Mara nyingi tofauti ya aliyebaki na aliyeondolewa ni mkwaju mmoja. Msomaji na aushike mkwaju huu mmoja moyoni, maana tutaurudia.

Tutazame mashindano ya Kenya Open, ambayo ndiyo ya sifa kuu katika nchi zetu hizi. Yalianza mwaka 1967 katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi, na mwaka 2019 yalitiwa katika daraja la juu la mashindano ya Ulaya. Wameyashinda watu mashuhuri wa dunia, kama Seve Ballesteros wa Hispania mwaka 1978. Lakini tangu 1967 hata 2025 hakuna Mkenya hata mmoja aliyelitwaa kombe lile katika nchi yake mwenyewe. Aliyekaribia sana ni Jacob Okello, aliyekuwa wa pili mwaka 1998, nyuma ya Ricardo González wa Argentina. Hapa Tanzania wako watu kama Nuru Mollel, Frank Roman na Hassan Kadio, ambao ni wachezaji wa kulipwa; na tangu mwaka 2024 wamepata mashindano ya Lina PG Tour, yaliyowekwa kwa kumkumbuka marehemu Lina Nkya, nayo huchezwa katika viwanja kama vya Moshi na Morogoro. Zawadi za huku haziwezi kufananishwa na za Ulaya. Tena wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki hawakuzaliwa katika nyumba za wenye klabu. Walianza utotoni kwa kubeba mikoba ya wenye fimbo, wakautazama mchezo, wakachonga fimbo zao za mti, wakajaribu jioni wenyewe wakiisha kwenda zao.

Mtu wa Geita akisikia maneno haya asema mara moja: huyu ni mchimbaji kama sisi! Na kweli, wafanana. Machimbo ya kale ya Geita yalifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini kando yao maelfu ya vijana huchimba kwa mikono katika maduara. Kijana hushuka duarani wiki baada ya wiki, na mawe yakipanda hugawanywa: mwenye leseni achukua lake, mwenye duara lake, na wachimbaji lao. Kisha mawe hupelekwa karasha kusagwa, na unga wake huoshwa na kukamatwa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Mwisho wa hayo yote pengine mna dhahabu, pengine hamna. Basi naye afanya kazi bila kujua kama atalipwa.

Lakini tofauti iko. Dhahabu haimjui mwenye bidii. Mvivu aweza kuangukia mkanda wa dhahabu siku ya kwanza, na mwenye bidii akatoboa mwamba mwaka mzima asipate ya kununulia chumvi. Mpira wa gofu una bahati yake kidogo, hatukatai. Upepo huvuma, na jiwe huurusha pembeni. Lakini mwisho wa siku 4 na vishimo 72 ni vigumu sana asiyejua kumshinda ajuaye. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale waiitao kazi hii kamari. Mcheza kamari hajizoezi kitu, wala jasho lake haligeuzi karata. Mchezaji wa gofu hupiga mipira mamia kwa siku moja, jua likiwaka, hata ngozi ya viganja ikawa ngumu kama ya mpini wa jembe.

Wala haikuwa dhahiri kwa watu wote wa dunia ya kuwa hii ni kazi ya heshima. Huko Uingereza na Marekani zamani mchezaji wa kulipwa alihesabiwa kuwa mtumishi. Alifundisha wenye klabu, akawatengenezea fimbo zao, lakini mlango wa mbele wa nyumba ya klabu haukuwa wake. Mwaka 1920, katika mashindano ya Marekani yaliyofanyika kwenye klabu ya Inverness, mji wa Toledo, wachezaji wa kulipwa walifunguliwa mlango ule. Nao, wakiongozwa na Walter Hagen, wakachanga fedha wakaipa klabu saa kubwa ya kusimama kuwa shukrani. Tuwaze kidogo: watu wazima wachanga fedha kwa kushukuru kuruhusiwa kupita mlangoni!

Afrika ya Kusini ilikuwa mbaya zaidi. Palikuwa na mtu wa Durban, wa asili ya Kihindi, jina lake Sewsunker Sewgolum, ambaye watu walimwita Papwa. Alikuwa maskini, alibeba mikoba tangu utoto, wala hakujua kusoma. Tena alishika fimbo kinyume cha desturi, mkono wa kushoto chini na wa kuume juu, kwa kuwa hakufundishwa na mtu. Mwajiri wake alimpeleka Ulaya, naye akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, tena 1960, na tena 1964. Mwaka 1963 aliruhusiwa kucheza katika mashindano ya Natal, katika klabu ya Wazungu ya Durban, akawashinda wote. Mvua ilikuwa ikinyesha siku ile. Wale Wazungu aliowashinda walikuwa ndani ya nyumba. Papwa akapewa kombe lake nje, katika mvua, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1965 alishinda tena Natal, akimshinda hata Gary Player, bingwa wa dunia nzima. Baada ya hapo serikali ya ubaguzi ikamfungia mashindano ya nchini mwake na kumnyang'anya ruhusa ya kusafiri. Alikufa mwaka 1978. Leo uko uwanja wa gofu Durban uitwao kwa jina lake.

Twataja habari hizi kwa kuwa dharau ile ya zamani ilikuwa na hoja ndani yake, nayo yastahili kujibiwa. Waungwana wa Kizungu walisema: achezaye kwa kupenda mchezo atacheza kwa haki, kwa maana hana la kupoteza ila mchezo, bali achezaye kwa fedha atadanganya, maana njaa itamsukuma. Na sisi tukitazama vizuri, twaona ya kuwa wazazi wetu wa Shinyanga wafikiri vivyo hivyo. Kwao mchezo ni jambo safi maadamu haujagusa chakula.

Kabla ya kuijibu hoja hiyo, natuondoe kwanza kikwazo kidogo. Sisi Wasukuma hatuna haki ya kusema kwamba kazi na mchezo ni vitu viwili visivyokutana, maana bugobogobo ni yetu. Kundi la wakulima huitwa shambani, ngoma hupigwa, majembe hurushwa juu na kudakwa, na udongo hupasuliwa kwa mpigo wa ngoma. Jioni kundi hupewa malipo yao. Je, wale walicheza au walilima? Na wachezaji wa Bagika na Bagalu, washindanao baada ya mavuno kuvuta watu, upande huu na upande ule, nani husema kwamba hawakufanya kazi? Mtu aliyekaa nyumbani asema hivyo. Aliyekesha akijifunza ngoma hasemi. Kwa hiyo neno la kwamba mchezo haupandi mtama si hoja ya kutosha. Mwalimu naye hapandi mtama akiwa darasani.

Sasa turudi kwenye ule mkwaju mmoja.

Sheria ya gofu yasema kwamba mpira upigwe pale ulipolala. Mchezaji akiutikisa kwa bahati mbaya kwenye majani marefu, hata kwa upana wa ukucha, sheria kwa kawaida humtoza mkwaju mmoja. Nani ameona? Mwenzake yuko hatua mia mbali, akitafuta mpira wake mwenyewe. Mwamuzi yuko kishimo kingine. Majani hayasemi. Sheria yamtaka mtu yule aende kwa mwenzake, amwambie: nimeutikisa, niongezee mkwaju.

Mfano usimuliwao zaidi ni wa Bobby Jones wa Marekani. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya nchi ile, huko Worcester, mpira wake ulisogea kidogo majanini alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna aliyeona ila yeye. Akajitoza mkwaju. Siku zilipokwisha alikuwa sawasawa kwa hesabu na Willie Macfarlane. Wakacheza tena wawili peke yao, na Jones akashindwa. Watu walipomsifu alikataa, akiona ni kama kumsifu mtu kwa kutovunja benki. Ni habari njema, nasi twawasimulia watoto shuleni. Lakini lazima tuseme neno moja ambalo wasimulizi huliruka: Jones alikuwa mchezaji wa ridhaa. Alikuwa kijana wa nyumba yenye uwezo, akaja kuwa mwanasheria. Mkwaju ule ulimnyima kombe, haukumnyima chakula. Macfarlane, aliyeshinda, ndiye aliyekuwa wa kulipwa.

Basi natuchukue mfano wa mtu alaye kwa mchezo. Mwaka 2010, huko Hilton Head, Marekani, Mwingereza Brian Davis alikuwa sawasawa na Jim Furyk baada ya siku 4. Davis alikuwa hajapata kushinda hata mara moja katika mashindano ya daraja lile la Marekani. Wakaanza mchezo wa nyongeza. Mpira wa Davis ukaangukia ufukoni, mahali pa hatari penye mabua makavu yaliyotupwa na maji. Akaupiga. Kisha akamwita mwamuzi, akamwambia kwamba anadhani fimbo yake, ilipokuwa ikirudi nyuma kabla ya kupiga, iligusa bua moja. Na sheria ya siku zile ilikataza jambo hilo. Wakatazama picha za televisheni. Jambo lenyewe lilionekana tu mwendo wa picha ulipopunguzwa sana. Akatozwa mikwaju miwili, na mchezo ukawa umekwisha. Furyk alipata dola 1,026,000 na Davis dola 615,600. Bua lile moja lilikuwa na bei ya dola 410,400, pamoja na ushindi. Tena mwaka 2019 sheria yenyewe ilibadilishwa, na siku hizi kugusa bua kama lile si kosa. Wengine watasema alipoteza fedha kwa sababu ya sheria ya kipuuzi. Sisi twaona kwamba sheria hupimwa upumbavu wake mkutanoni, si ufukoni mtu akiwa na fimbo mkononi.

Hapa twajua msomaji mwerevu ataleta mambo mawili, nayo yote mawili ni ya haki.

La kwanza: Davis alikuwa mbele ya kamera, huenda aliogopa kuumbuliwa. Twajibu kwamba alisema kabla ya kamera kusema. Lakini twakubali nusu ya hoja. Kipimo kigumu zaidi hakiko Hilton Head. Kiko katika mashindano madogo, pasipo picha wala watazamaji, ambako mchezaji wa kwetu yuko peke yake majanini, na nauli ya kurudi kwao yangojea mkwaju mmoja.

La pili ni zito zaidi. Atasema: Davis alishindwa, na bado akaenda nyumbani na dola laki sita. Ni rahisi kusema kweli ukiwa na laki sita mfukoni! Mwambieni mwenye njaa ajishtaki, tuone. Na ninyi walimu, wenye mshahara wa kila mwezi, mna haki gani ya kumdai mwenye njaa ukweli ambao ninyi haukuwagharimu kitu?

Neno hili lauma, nasi hatulikwepi. Ni kweli kwamba uaminifu wa mtu aliyeshiba ni wa bei rahisi, na mtu aliyeshiba asiuuze kwa bei ya ghali. Walakini na tutazame vizuri ni nani aibiwaye. Mwenye njaa afikiri kwamba akiuficha mkwaju wake awaibia wenye klabu, au kampuni iliyotoa zawadi, watu wenye fedha nyingi ambao hata hawatajua. Sivyo. Zawadi ni ile ile. Mwenye kuitoa hapungukiwi na senti. Siku ya pili jioni, mstari utakapopigwa kati ya watakaobaki na watakaoondoka, mkwaju uliofichwa wamweka mtu mmoja juu ya mstari na kumsukuma mwingine chini yake. Yule aliyesukumwa ni nani? Ni mchezaji wa kulipwa, naye pia alibeba mikoba utotoni, naye pia ana nauli ya kukopa na watoto wanaomngoja. Maskini amemwibia maskini, na tajiri hakuguswa hata kidogo.

Wasomaji wetu wanajua jambo hili kwa njia nyingine, maana sisi ni watu wa pamba. Katika miaka ya 1950 wazee wetu, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa; na moja ya sababu kubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi, iliyompunja mkulima mbele ya macho yake asijue. Walipigania mizani ya haki, wakaipata. Lakini wana wa wazee wale wale, wako watiao mchanga katika pamba, au kuinyunyizia maji usiku ili iwe nzito asubuhi. Ukiwauliza, hujibu neno lile lile: njaa. Nao hudhani wamwibia mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda hajaibiwa. Amejifunza, naye mwaka ujao ashusha bei ya pamba ya kijiji kizima. Mjane aliyechambua pamba yake kwa vidole, tawi kwa tawi, alipwa bei ya pamba yenye mchanga. Huyo ndiye aliyeibiwa.

Kwa hiyo twawajibu waungwana wale wa zamani, na wazazi wetu pia: mmesema chakula huuchafua mchezo. Sisi twasema kabla chakula hakijaingia, uaminifu wa mchezaji haujapimwa bado. Mtu wa ridhaa akijishtaki amefanya vema. Mtu wa kulipwa akijishtaki ametoa kitu kutoka sahani ya watoto wake, akampa mwenzake asiyemjua. Na kama kazi hupimwa kwa kile impasacho mtu kutoa, hatuoni kwa nini hii isihesabiwe katika kazi za heshima. Wala hatusemi kwamba wote hufanya hivyo. Wadanganyifu wako katika gofu kama walivyo sokoni. Wengine wamekamatwa, na wengine wazeeka na vikombe visivyo vyao kabatini.

Mzazi mmoja, baada ya mazungumzo ya namna hii, alituuliza neno lililo karibu zaidi na nyumba yake. Alikuwa na mwana aliyetaka kwenda mjini kubeba mikoba, kwa tumaini la kuwa mchezaji siku moja. Amzuie? Tulimwambia ya kwamba kubeba mkoba si aibu, ila amalize shule kwanza. Akashangaa. Shule yahusu nini na kupiga mpira? Tukamweleza habari za kadi.

Katika gofu kila mchezaji huandikiwa hesabu yake na mwenzake. Mwisho wa siku hupewa kadi ile aisome, na akiikubali aitia sahihi. Akiisha kuitia sahihi na kuikabidhi, kwa kawaida hakuna la kurudisha. Hesabu iliyoandikwa chini ya ile ya kweli humfukuzisha kabisa. Iliyoandikwa juu ya ile ya kweli yabaki kama ilivyo, naye ahesabiwa kwa hiyo. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina, mchezaji wa kulipwa aliyeanza kwa kubeba mikoba, alicheza siku ya mwisho kwa mikwaju 65, nayo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, akitimiza miaka 45. Ilimtosha kuwa sawasawa na Bob Goalby, wacheze tena. Lakini mwenzake aliyemwandikia, Tommy Aaron, alikuwa ameandika 4 kwenye kishimo cha 17 badala ya 3. Hapakuwa na hila, alikosea tu. De Vicenzo akatia sahihi bila kuitazama vema. Hesabu ikawa 66, na Goalby akawa mshindi. Watu maelfu walikuwa wameona kwa macho yao ya kuwa ni 3, na isifae kitu.

Baba yule alinyamaza kidogo. Huku kwetu, katika nchi ya migodi, watu wengi wametia sahihi au dole gumba katika karatasi za fidia ya mashamba wasizozisoma. Hatukuwa na haja ya kumweleza zaidi.

Aliuliza tu yaliyompata yule aliyeandika vibaya. Tommy Aaron aliendelea kucheza. Mwaka 1973 alishinda mashindano yale yale ya Augusta. Siku ya mwisho, alipopewa kadi yake, alikuta mwenzake amemwandikia kishimo kimoja 5 badala ya 4. Akaisoma mstari kwa mstari, akaomba irekebishwe, ndipo akatia sahihi.